Uchambuzi wa kisa: Albamu ya roki iliyopendwa sana na watu wachache mjini Moshi

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya mameneja wa bendi na wasanii wanaojitegemea, hasa wa mikoa ya kaskazini ambao hawana lebo nyuma yao. Nimezungumza na wanabendi wote, meneja wao, kinyozi atakayetajwa humu na wasikilizaji kadhaa. Majina yameondolewa, mitaa imebadilishwa na hesabu za fedha zimekadiriwa ili watu wasitambulike. Mfuatano wa matukio haukuguswa.

Usuli

Bendi ni ya vijana wanne wa Moshi: solo gitaa ambaye pia ndiye mwimbaji, rithimu, besi na dramu. Watatu kati yao walikutana kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wa Kilutheri. Ukiisikiliza albamu utalijua hilo kabla hujaambiwa, maana nyimbo tatu kati ya tisa zina tarumbeta zinazopigwa vile vile zinavyopigwa misibani Uchagani, kwa pumzi ndefu na bila madoido. Wa nne alisoma muziki chuo cha Makumira, pale Usa River, na ndiye aliyewaletea wenzake rekodi za bendi ndogo za Marekani na Uingereza zilizojirekodi zenyewe na kujisambazia zenyewe.

Walirekodi Arusha, kwenye studio ya nyumbani maeneo ya Njiro, wakati wa masika. Arusha ni mji wa hip hop. Kundi la X Plastaz lilitokea kule, rapa Joh Makini naye ni wa kule, na studio nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, maiki na biti. Chumba cha kuweka dramu nzima na ampu mbili za gitaa si rahisi kukipata. Walichokipata kilikuwa banda la uani lenye bati juu na hakuna dari. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Siku moja haikusimama, na wimbo wa sita umebaki na mvua yake juu ya bati kuanzia mwanzo mpaka gitaa la pili linapoingia. Mvua hiyo ina nafasi yake katika kisa hiki.

Kutoka kwa albamu

Albamu ilitoka mwishoni mwa 2023. Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuitoa yote kwa pamoja, bila singo, yaani wimbo mmoja wa kutangulia, na bila video. Wanabendi wanasema walitaka isikilizwe kama kitu kimoja. Meneja ana maelezo mafupi zaidi: hela ya video moja ya kueleweka ndiyo hiyo hiyo iliyolipia miksi, yaani kuchanganya na kusawazisha sauti, ya nyimbo tisa. Waliisajili kwanza COSOTA, taasisi ya hakimiliki ya Tanzania, jambo ambalo wasanii wengi wachanga huliacha hadi siku wimbo wao unapoibwa. Kisha wakaipeleka Boomplay na Spotify, mitandao ya kusikilizia muziki, kupitia msambazaji wa mtandaoni, na wakaiweka Bandcamp, ambako mnunuzi hulipa albamu moja kwa moja na mtandao unachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali.

Kwa miezi kadhaa hakukuwa na kitu. Redio moja ya mkoa iliwajibu kwamba muziki ni mzuri ila hauna kipindi. Bandcamp wanunuzi walikuwa wachache, karibu wote Wazungu waliowahi kujitolea Moshi, na hela ilibidi ipitie kwa binamu aliyeko Ujerumani. Upande wa Spotify, tangu 2024 wimbo usiofikisha angalau mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12 hauingii kwenye mgao wa malipo. Nyimbo mbili tu ndizo zilizovuka.

Saluni

Mpiga dramu hunyolewa kwenye saluni moja ya Majengo, vioo viwili na viti viwili. Siku moja alimwachia kinyozi albamu nzima kwenye flashi. Mpiga besi aliposikia alikasirika, na hoja yake haikuwa ya kipuuzi: wamehangaika kusajili haki zao, halafu mwenzao anagawa kazi bure kwa mtu mwenye biashara. Wakabishana, kisha wakaacha iendelee kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kwenda kumnyang'anya kinyozi flashi.

Redio ya saluni ile ni ya kizamani kidogo. Inasoma flashi, lakini kitufe cha kuruka wimbo kimekufa. Kinyozi akiwasha, inapiga kutoka wimbo wa kwanza hadi wa tisa na kurudi mwanzo. Mteja wa kunyoa na kuosha anakaa karibu nusu saa, akiwa na foleni mbele yake anakaa zaidi, na shuka shingoni simu haishikiki vizuri. Baada ya wiki mbili au tatu kichwa kimeota, anarudi, anaikuta albamu ile ile.

Watu wakaanza kuuliza. Kinyozi hakuwahi kuwaambia kwamba ni roki wala kwamba ni ya aina gani. Aliwaambia ni ya yule chalii mrefu anayenyolewa Alhamisi. Mzee mmoja fundi cherehani, mpenzi wa muziki wa dansi wa zamani, alishika solo la wimbo wa pili akawa analiimba kwa mdomo kila akipita mlangoni. Muuguzi aliyempeleka mwanawe kunyoa aliomba arekodiwe akasikilize zamu ya usiku. Kijana mmoja wa Makumira, si yule wa bendi, alikaa na gitaa lake akatoa kodi za gitaa (chords) za nyimbo zote tisa, akaziandika kwenye daftari la mistari, akapiga picha kurasa na kuzituma kwa watu.

Grupu

Aliyefungua grupu la WhatsApp ni mteja, fundi simu, si mtu wa bendi. Lilianza na watu wa saluni, likapata wanafunzi wa Chuo cha Ushirika, likavuka hadi Arusha kupitia kijana wa Makumira. Nimeonyeshwa mazungumzo ya wiki za mwanzo. Ni mabishano matupu. Wimbo wa nne ulipaswa kufunga albamu au la? Mwimbaji anasema "mlimani" au "mlimwengu" kwenye beti ya pili? Tarumbeta za wimbo wa saba ni za msiba au za arusi?

Lakini bishano kubwa lilikuwa la mvua ya wimbo wa sita. Kundi moja lilishikilia kwamba imewekwa makusudi, kwa sababu inakatika pale pale gitaa la pili linapoingia. Jingine likasema hiyo ni sauti ya kuokoteza mtandaoni. Mmoja akaenda kusikiliza kwa spika za masikioni akarudi na taarifa kwamba kuna jogoo anasikika kwa mbali, sekunde chache tu. Basi grupu zima likaenda kumtafuta jogoo. Muuguzi aliandika usiku wa manane kwamba amempata. Ukitaka kujua shauku ya msikilizaji inafananaje, ni hiyo: watu wazima, wenye kazi zao, wanamaliza bando kutafuta jogoo.

Meneja aliposikia habari za grupu aliomba aingizwe, kisha akaomba bendi nzima iingizwe. Fundi simu alikubali kwa heshima, akamfanya meneja kuwa adimini mwenzake. Sababu za meneja ziko wazi, na wengi tungefanya vivyo hivyo: hapa ndipo walipo mashabiki, kwa nini wenye muziki wasiwepo?

Siku ya kwanza ilikuwa furaha tupu. Siku ya pili mtu akamuuliza mwimbaji kuhusu mvua. Akajibu kwa uungwana na kwa ukweli: banda halikuwa na dari, hela ya siku nyingine ya studio haikuwepo, wakaamua kuiacha. Watu wakacheka, wakaweka vidole gumba. Bishano la mvua halikurudi tena. Baada ya hapo hata mabishano mengine yalikwisha haraka, kwa sababu kila swali sasa lilikuwa na mwenyewe wa kulijibu. Zikabaki pongezi. "Hongereni kaka zetu." "Mungu awainue." Kisha meneja akaanza kuweka matangazo, viungo vya kusikiliza, na namba ya M-Pesa kwa atakayependa kuchangia video.

Namba ya wanachama iliendelea kupanda hadi karibu 180. Ujumbe kwa siku ulipanda pia. Meneja alizitazama namba hizo mbili na kuona mji mzima umeamka.

Ukumbi

Uamuzi mkubwa ulikuwa onyesho. Walichagua Jumamosi ya wikendi ya Kilimanjaro Marathon, mbio ambazo hukimbiwa Moshi kila mwaka mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hoja ilikuwa kwamba mji unafurika wageni wenye hela, hoteli zimejaa, watu wanatafuta pa kwenda. Walikodi ukumbi wa viti 300, vyombo kutoka Arusha, jenereta ya akiba na fundi mitambo. Kiingilio kikawa shilingi 10,000. Bango lilichorwa na kijana wa steshenari: gitaa linawaka moto, maandishi ya kuchongoka kama meno, na neno ROKI kubwa kuliko jina la bendi.

Gharama zote zilifika kama milioni moja na laki sita, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa shemeji wa mpiga rithimu. Wikendi ile kila kitu kilikuwa bei juu: ukumbi, usafiri wa vyombo, hata vyakula vya mafundi. Ukumbi wa bei nafuu waliokuwa wameutaka kwanza ulikuwa umeshachukuliwa tangu Desemba.

Waliofika ni kama 70, ukihesabu ndugu. Waliolipa kiingilio kamili hawakuzidi 50. Wakimbiaji walikuwa wamelala, na mtu yeyote aliyewahi kukimbia angeweza kuwaambia hilo. Anayekimbia kilomita 42 alfajiri ya Jumapili hakai ukumbini usiku wa Jumamosi. Waliokuja mjini kwa shamrashamra walikuwa kwenye baa zenye Bongo Fleva. Fundi cherehani hakuja. Aliliona bango, akadhani ni watu wengine.

Waliokuwepo wanasema bendi ilipiga vizuri mno. Watu 50 waliimba tarumbeta za wimbo wa saba kwa midomo kwa sababu wapulizaji wawili kati ya watatu walikuwa na harusi Marangu. Ila viti vitupu 230 vinaonekana hata taa zikizimwa, na picha zilizosambaa kesho yake zilikuwa za viti.

Baada ya hapo

Grupu lilinyamaza. Meneja aliandika ujumbe mrefu wa kuwalaumu wanachama 180 kwa kutojitokeza, kisha akaufuta, lakini walioamka mapema walishausoma. Wengi wakatoka.

Aliyeinusuru bendi ni mama mwenye mgahawa karibu na soko la Mbuyuni, mteja wa saluni kupitia wanawe. Alimwambia mwimbaji kwamba mgahawa wake hufungwa saa moja jioni na una viti 25. Waje wapige taratibu, bila ampu kubwa, yeye atapika. Kiingilio kilikuwa shilingi 15,000 pamoja na sahani ya ndizi nyama. Viti vilijaa. Wakarudia mwezi uliofuata, vikajaa tena, na mwezi wa tatu watu walilipa mapema ili wasikose. Fundi cherehani alikaa mbele kabisa.

Hapo mlangoni wakaanza pia kuuza albamu kwa namna ambayo meneja alikuwa ameidharau mwanzoni: njoo na flashi yako, lipa 5,000, unakopiwa nyimbo tisa na kupewa kijitabu cha maneno na kodi kilichotolewa kopi steshenari. Kodi ni zile zile za daftari la kijana wa Makumira, safari hii zikiwa na jina lake. Hadi ninapoandika, mauzo ya flashi yamepita kwa mbali kila kilichoingia kutoka mitandaoni. Deni la shemeji limebaki chini ya nusu.

Uchambuzi

Tuanze na kipimo, maana makosa mengi ya kisa hiki yametoka hapo. Meneja alikuwa na vipimo viwili na vyote vilimdanganya, kila kimoja upande wake. Kaunta ya Spotify ilisema hakuna anayesikiliza, wakati albamu ilikuwa inapigwa saluni siku nzima bila kuhesabiwa popote. Grupu lilisema watu ni wengi mno, wakati nilipopitia wiki mbili za mazungumzo kabla ya onyesho niliona majina yale yale, ishirini na kitu, yakiandika karibu kila kitu. Wengine walikuwa wameingizwa na rafiki na hawajatoka kwa uvivu tu. Joto la watu ishirini lilisomwa kama umati wa watu 180. Ukitazama nyuma, viti 25 vya mgahawa ndivyo vilivyokuwa saizi halisi ya jambo hili, na hiyo si saizi ya kudharau. Watu 25 wanaolipa 15,000 kila mwezi bila kubembelezwa ni msingi ambao bendi nyingi zenye video hazina.

Kulikuwa na kipimo cha tatu kilichokuwa mezani na hakuna aliyekisoma: kazi ambayo wasikilizaji walikuwa wanaifanya bila kutumwa. Mtu aliyeandika kodi za nyimbo tisa kwa mkono ametoa siku zake kadhaa. Muuguzi aliyemtafuta jogoo usiku ametoa usingizi au bando, pengine vyote. Meneja angehesabu watu wa namna hiyo badala ya kuhesabu ujumbe, angekodi ukumbi mdogo.

Saluni ilifanya kazi kwa sababu ambazo hakuna aliyezipanga. Albamu hii haikamati mara ya kwanza. Mimi mwenyewe niliielewa mara ya tatu, na wimbo wa tano bado tunaviziana. Kwenye simu, msikilizaji mwenye bando la siku anaupa wimbo mgeni sekunde ishirini kisha anaruka. Kwenye kiti cha kinyozi haruki, na anarudi baada ya wiki chache kusikia tena. Kitufe kibovu kimeifanyia bendi hii kazi kubwa kuliko kampeni yoyote. Kisheria jambo hili lina upande wake: kupiga muziki mahali pa biashara ni matumizi ya hadharani, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inampa mwenye kazi haki juu ya hilo. Mpiga besi alikuwa sahihi kwamba haki ile ni yao. Ila haki ni yako kuidai, na pia ni yako kuruhusu, na hapa kuruhusu kulilipa.

Kuna jambo jingine saluni ililifanya, nalo ni kutokuitambulisha albamu. Solo, rithimu na besi si wageni kwa mtu aliyekulia kwenye dansi, na tarumbeta si geni kwa Mlutheri yeyote wa Kilimanjaro. Fundi cherehani aliingia kwa mlango wa dansi, wanakwaya wakaingia kwa mlango wa tarumbeta, wanafunzi kwa mlango wa gitaa la kelele. Bango lenye gitaa la moto lilifunga milango miwili kati ya hiyo mitatu. Sisemi waifiche roki. Nasema bango liliwalenga watu ambao Moshi hawapo kwa wingi na kuwafukuza ambao tayari walikuwa wanaimba.

Kuhusu bendi kuingia kwenye grupu, hapa najua baadhi ya wasomaji hawatakubaliana nami. Kuna wanaoamini kwamba ukaribu wa msanii na shabiki hauna madhara kamwe. Kisa hiki kinaonyesha kinyume. Wasikilizaji wa albamu isiyojulikana wanapata kitu ambacho shabiki wa nyota hapati: albamu inakuwa yao, wanaichimba, wanashindana kuijua. Mwenyewe akiketi katikati yao, adabu yetu inatudai tumsalimie, tumpongeze na tusimkosoe usoni. Mswahili hamwambii mtu mbele ya wenzake kwamba wimbo wake wa tano ni mrefu bure. Mabishano yakifa, ile kazi ya kuchimba inakufa nayo. Namba ya M-Pesa ilipofika, grupu lilikuwa limeshabadilika kutoka baraza hadi kamati ya mchango, na kamati za michango kila mtu anazo za kutosha. Mwimbaji angeweza kujibu swali la mvua kwa swali: nyinyi mnasikia nini?

Tarehe ya marathon haistahili maneno mengi. Mji uliojaa wageni unapandisha bei ya kila unachokodi, na wageni hao wana ratiba yao.

Uamuzi wa kutokutoa singo na video hauonekani kuwa kosa kama unavyotajwa mara nyingi. Video ingeleta watazamaji wa wimbo mmoja. Nyimbo nane zingebaki zilipo. Kilichokosekana ni chombo cha kuibeba albamu nzima hadi kwa mtu anayeitaka na asiye na bando la kuipakua. Roki ina mfano wake maarufu wa jambo hili. Bendi ya Big Star ya Memphis, Marekani, ilitoa albamu ya #1 Record mwaka 1972, wachambuzi wakaisifu sana, lakini usambazaji uliokuwa chini ya kampuni ya Stax ukashindwa kuifikisha madukani, na walioitaka hawakuipata. Miaka mingi baadaye bendi nyingine zikaja kuiheshimu, lakini kwa mauzo ilikuwa imechelewa. Moshi walioitaka albamu walikuwepo miezi kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwauzia kwa flashi zao wenyewe.

Hali ya sasa

Wasikilizaji wamefungua grupu jipya. Bendi inalijua na haijaomba kuingia. Meneja alitaka, mwimbaji akamzuia.

Vikao vya mgahawani vinaendelea, na kuna ombi la kufanya kimoja Arusha, maeneo ya Sakina, nyumbani kwa mtu mwenye sebule kubwa. Hawajakubaliana juu ya kiingilio, kwa sababu Arusha hakuna mama wa kupika na sehemu ya bei ile ilikuwa chakula.

Kinyozi hajawahi kulipwa chochote. Alipoulizwa anataka nini, aliomba nyimbo za albamu ya pili apewe yeye kwanza, wiki mbili kabla hazijaingia mtandaoni. Watatu wamekubali. Mpiga besi bado anapinga, na anataka safari hii iandikwe mkataba.